Tangi la samaki wa Ziwa Tanganyika

Tangi la samaki wa Ziwa Tanganyika (pia: akwaria ya Tanganyika) ni chombo cha kioo chenye maji magumu yenye alikali, ambamo hufugwa samaki wadogo wa ziwa hilo kwa ajili ya kutazamwa, kufundishia au kupamba chumba. Kwa watu wanaoishi mbali na pwani, kama wakazi wa Tabora, tangi la aina hii ndilo lililo karibu zaidi na tangi la maji ya bahari: samaki wake wana tabia na maumbo ya kuvutia, huzaliana mbele ya macho ya mtazamaji, na mahitaji yao yanapatikana kwa urahisi zaidi kuliko yale ya samaki wa baharini. Tangi dogo la lita 50 hivi linatosha juu ya meza ya ofisi, maktaba au darasa.

Maji ya ziwa na maji ya bahari

Ziwa Tanganyika lina urefu wa karibu kilomita 670 na kina cha mita 1,470. Ni la pili duniani kwa kina baada ya Ziwa Baikal la Urusi. Linagawanywa na Tanzania, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Zambia. Umri wake hukadiriwa kuwa miaka milioni 9 hadi 12, na katika muda huo mrefu viumbe wake wamebadilika wakiwa peke yao. Ziwa lina spishi zipatazo 250 za familia ya Cichlidae, yaani jamaa wa perege na sato, na karibu zote hazipatikani mahali pengine popote. Kati yao yumo kuhe, anayeweza kupita sentimita 80 kwa urefu, na wamo pia wadogo wasiofika sentimita 5.

Maji ya ziwa hili huhesabiwa kuwa maji baridi, na watu wa Kigoma huyanywa. Hata hivyo si maji ya kawaida. Lita moja ina karibu gramu 0.65 za chumvi mbalimbali zilizoyeyuka, hasa za magnesiamu, sodiamu, potasiamu na kalisi. Sehemu kubwa ya chumvi hizo huletwa na Mto Ruzizi kutoka Ziwa Kivu, kwenye eneo la volkeno, nazo hubaki kwa sababu maji mengi hutoka ziwani kwa kuvukizwa na jua kuliko kwa kutiririka katika Mto Lukuga. Kiwango cha pH huwa kati ya 8.6 na 9.2. Maji ya bahari yana gramu 35 za chumvi kwa lita, yaani zaidi ya mara 50 ya hizo, lakini pH yake ni 8.1 hivi. Basi kwa upande wa alikali ziwa limeipita bahari, na kwa upande wa chumvi liko mbali nayo kabisa.

Historia: makombe katika njia ya misafara

Fikra ya kulinganisha Ziwa Tanganyika na bahari haikuanza na wafugaji wa samaki. Ilisafiri katika njia ile ile ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora na kuishia Ujiji, njia ambayo wapagazi wa Kinyamwezi waliipita wakibeba pembe za ndovu, nguo na shanga. Richard Burton na John Hanning Speke walifika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, mwezi wa Novemba 1857, na Ujiji mwezi wa Februari 1858. Speke alirudi na makombe machache ya konokono wa ziwani, na mwaka 1859 Samuel Woodward aliyaeleza mjini London. Makombe yale yalikuwa mazito na yenye mapambo kama ya konokono wa baharini, jambo lisilotazamiwa kwa konokono wa maji baridi.

Mwaka 1883 mtaalamu wa wanyama Mjerumani Richard Böhm, ambaye kabla ya hapo alikuwa ameishi kusini ya Tabora, aliona konyeza wadogo wakielea katika Ziwa Tanganyika. Konyeza ni mnyama ambaye wengi humjua kwa bahari tu. Habari hizo mbili, za makombe na za konyeza, zilimfanya Mwingereza J.E.S. Moore aongoze safari za utafiti ziwani mwishoni mwa karne ya 19. Katika kitabu chake cha mwaka 1903 alidai kwamba Ziwa Tanganyika ni mabaki ya mkono wa bahari ya kale uliokatwa na nchi kavu. Dai lake lilivutia watu wengi, lakini halikudumu. W.A. Cunnington, aliyefanya utafiti ziwani mwaka 1904 na 1905, alionyesha baadaye kwamba viumbe hao ni wa ukoo wa maji baridi, na kwamba sura ya kibahari wameipata humo humo ziwani. Wataalamu wa leo wanakubaliana naye.

Makosa ya Moore yalikuwa na faida yake, kwa maana samaki waliokusanywa na safari hizo ndio waliochunguzwa na George Albert Boulenger katika jumba la makumbusho la London. Spishi kadhaa zinazofugwa leo katika matangi zilipewa majina na yeye, miongoni mwao Neolamprologus brevis mwaka 1899 na Neolamprologus multifasciatus mwaka 1906.

Biashara ya kuwasafirisha samaki hai kwenda Ulaya na Marekani ilianzia upande wa Burundi, ambako Mbelgiji Pierre Brichard alianzisha kituo cha kuwavua na kuwauza nje. Kitabu chake kuhusu samaki wa ziwa, kilichotolewa mwaka 1978, kilienea sana miongoni mwa wafugaji. Ndiyo sababu leo mtu wa Berlin au Chicago anaweza kuwa na samaki wa Kigoma sebuleni mwake, na mwanafunzi wa Tabora, aliye karibu kilomita 400 tu kwa reli kutoka ziwani, akawa hajapata kuwaona.

Kwa nini si tangi la maji ya bahari

Tangi la bahari mjini Tabora linawezekana, lakini halifai kwa mtu anayetaka kazi ndogo. Dar es Salaam iko umbali wa kilomita 840 hivi kwa reli, na maji ya bahari hayawezi kuletwa kila mara kwa madumu. Itabidi kutumia chumvi maalumu ya akwaria, gramu 35 kwa kila lita, yaani karibu kilo moja na nusu kwa kujaza tangi la lita 40, na nyingine kila maji yanapobadilishwa.

Wengine huuliza kama chumvi ya Uvinza haiwezi kutumika, kwa kuwa inapatikana njiani. Swali ni la haki. Chemchemi za Uvinza, karibu na mahali Mto Ruchugi unapoingia katika Mto Malagarasi, zimetoa chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja. Uchimbaji wa kiakiolojia uliofanywa huko na J.E.G. Sutton na A.D. Roberts katika miaka ya 1960 ulionyesha kwamba watu walichemsha maji ya chumvi hapo tangu katikati ya milenia ya kwanza BK. Misafara iliyovuka Malagarasi kwenda Ujiji ililipa hongo na kununua chumvi hiyo, nayo ilitumika katika biashara ya eneo zima. Lakini chumvi ya kula, iwe ya Uvinza au ya Bagamoyo, karibu yote ni kloridi ya sodiamu. Maji ya bahari yana pia magnesiamu, kalisi, potasiamu, salfati na bikaboneti kwa uwiano maalumu, na viumbe wa baharini hawaishi bila hizo. Aliyeyeyusha chumvi ya jikoni katika maji ya bomba amepata maji ya kuchemshia viazi tu.

Tatizo la pili ni uvukizi. Maji yanapopungua chumvi hubaki, na katika tangi dogo ukali wa chumvi hupanda haraka. Katika miezi ya kiangazi, hewa ya Tabora ikiwa kavu, tangi la bahari huhitaji kuongezwa maji baridi karibu kila siku, hata Jumapili. Katika tangi la Tanganyika chumvi ni kidogo mno kiasi kwamba uvukizi wa siku mbili tatu hauleti madhara.

Samaki wa makombe

Si kila samaki wa Ziwa Tanganyika anafaa kwa tangi dogo. Cyphotilapia, mwenye nundu kichwani, hupita sentimita 30. Tropheus hula mwani, hugombana, huhitaji kundi kubwa na huugua tumbo kwa urahisi. Kwa meza ya ofisi kundi linalofaa ni la samaki wanaoishi ndani ya makombe matupu ya konokono.

Katika sehemu nyingi za ziwa, chini ya maji kuna maeneo mapana yaliyofunikwa na makombe ya konokono aitwaye Neothauma tanganyicense. Maji yenye kalisi nyingi huyazuia makombe yasiyeyuke, hivyo hurundikana kwa miaka mingi sana. Mahali pasipo na mawe wala majani, kombe tupu ni nyumba. Samaki hujificha humo akimwona adui, hulala humo na hutaga humo.

Mdogo kuliko wote ni Neolamprologus multifasciatus, ambaye jike lake hufikia sentimita 3 na dume sentimita 4 au zaidi kidogo. Ana mistari myembamba mwilini na macho ya buluu. Huishi kwa makoloni, na watoto hukua kando ya wazazi wao bila kufukuzwa, hata vizazi kadhaa vikawa pamoja. Kwa anayeanza huyu ndiye bora. Lamprologus ocellatus ni mkubwa kidogo na mkali zaidi: huzika kombe lake mchangani mpaka mdomo wake tu uonekane, kisha humshambulia yeyote anayesogea, ukiwamo mkono wa anayesafisha kioo. Neolamprologus brevis ni mpole, na mara nyingi dume na jike hukaa katika kombe moja.

Jamaa yao Lamprologus callipterus anastahili kutajwa ingawa hafai kwa tangi dogo. Dume hukusanya makombe kwa kuyabeba mdomoni na kuyapanga lundo, na majike huingia humo kutaga. Dume lazima awe na nguvu ya kubeba kombe, na jike lazima awe mdogo wa kuingia ndani yake, hivyo uzito wa dume unaweza kufika mara 12 ya ule wa jike. Hakuna mnyama mwingine ajulikanaye ambaye dume limelizidi jike kiasi hicho.

Tangi na mahali pake

Tangi la urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 30 lina ujazo wa lita 54. Likiwekwa mchanga wa sentimita 5 na kuachwa nafasi kidogo juu, hubaki na maji lita 40 au zaidi kidogo. Uzito wake wote, kioo, mchanga na maji, hukaribia kilo 75, sawa na mtu mzima aliyekaa juu ya meza siku zote. Meza za mbao laini za ofisini hupinda taratibu, na tangi lililokalia meza iliyopinda hupasuka kwenye kona. Ni afadhali kuliweka juu ya kabati imara au meza ya chuma iliyo sawa kabisa, na kutandika chini yake kipande cha sponji nyembamba.

Tangi lisiwekwe dirishani. Jua la Tabora hupasha maji moto mchana na huotesha mwani wa kijani kwenye vioo. Lisiwe pia karibu na mlango unaobamizwa wala juu ya mashine ya ofisi. Soketi ya umeme iwe juu kuliko usawa wa maji, au waya uning'inie chini kidogo kabla ya kupanda kwenye soketi, ili tone linaloteremka kwenye waya lidondoke sakafuni badala ya kuingia katika umeme.

Mchanga wa mto hufaa ukioshwa mpaka maji yatoke meupe. Mawe ya Tabora kwa kawaida ni ya matale, nayo hayabadilishi maji kwa lolote. Jiwe la chokaa hutambulika kwa kudondoshea siki au maji ya limau makali: likitoa mapovu lina kaboneti, na litasaidia kupandisha alikali. Makombe ya Neothauma si lazima. Makombe ya konokono wa mashambani yenye urefu wa sentimita 4 au 5, yakichemshwa na kusafishwa vizuri ndani, hukubaliwa na samaki bila ubishi, nayo yenyewe ni kaboneti ya kalisi. Makombe 15 hadi 20 yatawanywe juu ya mchanga. Samaki watayapanga wenyewe, na mpangilio aliouweka mtu hautadumu wiki mbili.

Maji

Kwa miaka mingi mji wa Tabora ulitegemea mabwawa ya Igombe na Kazima. Tangu karibu mwaka 2020 unapata pia maji ya Ziwa Viktoria kwa bomba kubwa linalopita Nzega. Maji hayo ni mazuri kwa kunywa lakini ni laini mno kwa samaki wa Tanganyika, na yametiwa klorini. Klorini huondoka yenyewe maji yakikaa katika ndoo isiyofunikwa kwa siku moja au mbili.

Ili kuyafanya magumu, wafugaji wengi hutumia kwa kila lita 20 kijiko kimoja cha chai cha bikaboneti ya sodiamu, ile ile ya kuumulia maandazi, na kijiko kimoja cha chakula cha salfati ya magnesiamu inayouzwa katika maduka ya dawa. Vyote viyeyushwe katika ndoo kwanza, visimiminwe tangini vikiwa unga. Si lazima kuifikia pH ya 9 ya ziwani. Samaki waliozaliwa matangini hustawi katika pH ya 8 hadi 8.5, na kwa sababu itakayoelezwa hapa chini, kiwango hicho ni salama zaidi. Jambo kubwa ni maji yasibadilike ghafla: leo 7.5, kesho 9, keshokutwa 8.

Amonia

Samaki wengi wanaokufa katika matangi mapya hawafi kwa ugonjwa. Hufa kwa amonia, na katika tangi la Tanganyika hatari hiyo ni kubwa kuliko katika tangi la kawaida.

Samaki hutoa amonia kwa njia ya matamvua, na chakula kinachooza huongeza nyingine. Katika maji amonia huwa na sura mbili. Moja ni ioni ya amoniamu, ambayo haina madhara makubwa. Nyingine ni amonia yenyewe, ambayo hupenya matamvua na kuua. Uwiano wa sura hizo unategemea pH. Katika nyuzi 25 za selsiasi na pH ya 7, sehemu yenye sumu haifiki hata asilimia 1. Katika pH ya 8 ni asilimia 5 hivi. Katika pH ya 9 ni karibu asilimia 36. Maana yake, kiasi kile kile cha uchafu ambacho perege wa bwawani angekivumilia kinaweza kuwaua samaki wa Tanganyika kwa usiku mmoja.

Kinachoondoa amonia ni bakteria. Kundi moja huigeuza kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu, na kundi lingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo huvumilika mpaka maji yatakapobadilishwa. Bakteria hao hukaa juu ya mchanga, makombe na hasa ndani ya sponji ya kichujio. Katika tangi jipya hawapo wa kutosha, na huchukua wiki nne hadi sita kuongezeka. Kwa hiyo tangi huwashwa bila samaki. Kila siku mbili hutiwa chembe chache za chakula ili zioze na kuwalisha bakteria, na maji hupimwa kwa vipimo vya rangi. Siku ambapo amonia na nitriti zote mbili zinasoma sifuri huku nitrati ikionekana, ndipo tangi limekuwa tayari. Mwenye rafiki aliye na tangi la zamani lenye afya anaweza kuomba kipande cha sponji chake, na muda huo utapungua sana.

Hii ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, kwa sababu wiki sita za kutazama maji matupu ofisini huleta maneno. Walakini hakuna njia ya mkato. Samaki walioingizwa wiki ya kwanza huonekana wazima kwa siku tatu nne, kisha hupanda juu wakitweta, na wengi hudhani wamekosa chakula na kuwaongezea.

Kwa sababu iyo hiyo sponji ya kichujio haioshwi kwa maji ya bomba. Klorini huua bakteria, na tangi hurudi kuwa jipya siku hiyo. Huoshwa kwa kukamuliwa ndani ya ndoo ya maji yaliyotolewa tangini.

Umeme, hewa na joto

Kichujio rahisi kuliko vyote ni sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa. Hutumia umeme kidogo, wati 3 hadi 5, na hakina kitu cha kuharibika ndani ya maji. Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji ya nyuzi 25 hushika miligramu 7.2 hivi za oksijeni kwa lita, ilhali pwani yangeshika 8.3. Umeme ukikatika, oksijeni ndiyo hupungua kwanza. Tangi lenye samaki wachache huvumilia saa kadhaa. Likiwa limejaa kupita kiasi halivumilii. Pampu ndogo ya betri ni kinga nzuri, na pasipo nayo, kuchota maji kwa kikombe na kuyamimina tena kutoka juu kwa dakika chache kila baada ya muda huwaokoa samaki. Wakati huo wasilishwe.

Joto linalotakiwa ni nyuzi 24 hadi 27. Kwa sehemu kubwa ya mwaka Tabora hulitoa bure. Katika Juni na Julai usiku hushuka hadi karibu nyuzi 15, na hita ndogo ya wati 50 yenye kidhibiti huhitajika. Oktoba tatizo ni kinyume chake: kifuniko huinuliwa kidogo na hewa huongezwa.

Maisha ya ofisini

Ofisi ina hatari zake ambazo nyumba haina. Kubwa ni dawa ya kupulizia mbu na mende. Dawa hizo nyingi zina kemikali za jamii ya pairethroidi, ambazo ni sumu kali kwa samaki hata kwa kiasi kidogo sana, na pampu ya hewa huivuta hewa ya chumba na kuisukuma moja kwa moja majini. Kabla ya kupulizia, pampu izimwe, tangi lifunikwe kwa nailoni na vitambaa vilivyoloweshwa, na chumba kipitishwe hewa kabla ya kuiwasha tena. Mfanya usafi na mlinzi wa zamu waelezwe jambo hili mapema, maana mara nyingi hupulizia Ijumaa jioni wakati hakuna mwingine.

Hatari ya pili ni huruma. Samaki akimwona mtu husogea mbele ya kioo, na kila apitaye huamini kwamba ana njaa. Awepo mtu mmoja anayelisha na mwingine wa kumsaidia akiwa safarini, na kopo la chakula lifungiwe. Kiasi kinachotosha ni kile kinacholiwa chote kwa dakika mbili, mara moja au mbili kwa siku. Chembechembe za dukani zikisagwa hufaa. Dagaa wakavu wasiotiwa chumvi, wakisagwa na kuchekechwa, hufaa kama nyongeza, ingawa vumbi lao huchafua maji. Jumamosi na Jumapili samaki wazima hawahitaji kulishwa, na kufunga huko hakuwadhuru.

Kazi ya kila wiki ni ndoo moja: lita 8 hivi hutolewa kwa mpira, uchafu ukinyonywa juu ya mchanga, na lita 8 zilizotayarishwa tangu juzi yake hutiwa polepole. Kioo cha mbele hufutwa. Yote hayo huchukua nusu saa.

Kupata samaki na kuwaleta

Samaki wa kuanzia wawe sita hadi wanane, na ni vizuri zaidi wakiwa wamezaliwa matangini. Kuvua samaki wa mapambo ziwani kwa biashara kunahitaji leseni chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Spishi nyingi huishi katika kipande kidogo tu cha pwani ya ziwa, na wavuvi wakirudi mahali pamoja mara nyingi wanaweza kuimaliza jamii nzima. Ziwa lenyewe limelemewa na udongo unaotoka mashambani na uvuvi uliopita kiasi. Nchi nne za ziwa zilitia sahihi mkataba wa kulitunza mwezi Juni 2003, na mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi upande wake kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei.

Kwa safari, samaki hunyimwa chakula siku moja kabla. Huwekwa katika mfuko wa nailoni wenye theluthi moja ya maji na theluthi mbili za hewa au oksijeni, ndani ya boksi la kuzuia joto na giza likiwemo. Wanapofika, mfuko ukiwa umefungwa huelezwa juu ya tangi kwa dakika 20 ili joto lilingane.

Hatua inayofuata hukosewa hata na wazoefu. Katika safari ndefu pumzi ya samaki hujaza maji ya mfuko kabonidioksidi na kushusha pH, hivyo amonia yote iliyojikusanya hubaki katika sura isiyo na madhara. Mfuko ukifunguliwa kabonidioksidi hutoka, pH hupanda, na amonia ile ile hugeuka sumu. Kwa samaki waliosafiri saa chache kutoka jirani, kuongeza kikombe kimoja cha maji ya tangi kila dakika kumi kwa muda wa saa moja ni jambo jema. Waliokaa mfukoni siku nzima wasicheleweshwe: vikombe vichache ndani ya dakika 15, kisha watolewe kwa wavu. Maji ya mfuko hayamiminwi tangini.

Kuzaliana

Multifasciatus hutaga bila kuhimizwa. Jike hutaga ndani ya kombe, na baada ya wiki moja au mbili watoto wa milimita chache huonekana mdomoni mwa kombe, wakirudi ndani kila kivuli kinapopita. Hula vumbi la chakula cha wakubwa. Baada ya mwaka mmoja samaki sita wanaweza kuwa thelathini, na tangi la lita 40 huanza kubana: madume hugombania makombe, na nitrati hupanda kabla ya wiki kwisha.

Waliozidi hupewa shule, maktaba au wafugaji wengine. Hawamwagwi katika bwawa la Igombe wala mto wowote. Sangara aliingizwa Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950, na mamia ya spishi za samaki wadogo wa humo walitoweka katika miongo iliyofuata. Samaki wa makombe si mla wenzake kama sangara, lakini anaweza kubeba vimelea asivyougua mwenyewe. Hata maji ya tangi yanayotolewa kila wiki humwagwa kwenye bustani, ambako nitrati yake ni mbolea, na wala si kwenye mfereji unaoelekea bwawani.